Kwa Depite Tusiende na Kuku, Twende na Daftari



Kuna mwaka tulienda kumuona depite mmoja alipokuja kwa vakanse ya bunge. Tulibeba majogoo mawili, kikapo cha mahindi mabichi, na malalamiko mingi. Kila mutu alisema lake: mmoja barabara, mwingine mbolea, mwingine bariere, mwingine ng'ombe wa jirani walioingia shambani. Depite alitusikiliza vizuri. Mwishoni akauliza swali moja tu: "Sasa munataka nifanye nini kwanza?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, ao tuseme kila mmoja alikuwa na la kwake. Akacheka kwa upole, tukapigwa foto, akatugawia kofia na vitenge, tukarudi tukiimba.

Wakati wa mavuno kamyo yetu ilisimamishwa kwa bariere zilezile. Leo kofia zimepasuka, bariere ziko.

Hatuandiki haya juu ya kumlaumu yule depite. Kosa lilikuwa letu siye wenyewe. Maoni yetu siye wa komite, na tunajua wengine kati yenu hawatakubali, ni haya: kazi ya koperative haiishi shambani na kwa depo. Kuongea na wale wanaotunga sheria ni kazi ya mkulima kama vile kupalilia. Lakini kuongea bila hesabu ni kulia tu, na kilio hakina mstari kwa bajeti.

KUMBE TUNALIMIA BARIERE

Msimu uliofuata tulifanya jambo dogo. Sekretere wetu alipanda juu ya kamyo pamoja na mifuko ya mahindi, toka kijijini mpaka Lubumbashi, na daftari ya shule mkononi. Kila mahali kamyo iliposimamishwa aliandika: ni wapi, saa ngapi, nani ameomba, ameomba juu ya nini, faranga ngapi, kitansi imetolewa ao hapana. Kamyo ilisimama mara sita. Kitansi zilikuwa mbili.

Siku ya mkutano tulisoma ile daftari mbele ya wanamemba wote, kisha kesie akafungua ya kwake. Tukaona kwamba makuta tuliyoacha njiani kwa safari ile moja ilipita makuta yote tuliyoweka mwaka ule kwa sanduku ya mbegu. Watu walinyamaza. Mama mmoja mzee, ambaye haongei sana kwa mikutano, akasema: "Kumbe siye tunalimiaka bariere." Mpaka leo hatujasikia hotuba ya kupita hiyo.

Tena sheria iko upande wetu. Katiba, kwa kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa njia ya sheria. Ordonansi-sheria ya tarehe 13 Machi 2018 imeandika orodha ya kodi na takisi ambazo jimbo, sheferi, sekta ao komine wanaweza kulipisha. Takisi isiyo kwa orodha haina msingi, hata kama anayeiomba amevaa uniforme. Hatusemi mkulima asilipe kitu. Kifungu kilekile kinasema kuchangia mzigo wa nchi ni wajibu wa kila mtu, na siye tunakubali. Tunachosema ni hiki: tulipe mara moja, kwa mlango unaojulikana, tupewe kitansi, ili makuta iingie kwa sanduku ya Leta, isiingie kwa mfuko wa shati.

Kuna jambo lingine linalouma. Hapa Haut-Katanga, bunga mingi ya bukari inayoliwa mjini inatoka kwa mahindi ya Zambia inayopita Kasumbalesa. Zambia ikifunga mpaka, ao ikipigwa na ukame kama ule wa mwaka 2024, bei ya meka inapanda na watu wa mji wanalia. Wakati huo wakubwa wanatuambia: wakulima, mulime zaidi. Sawa, tunalima. Lakini mahindi ya mkulima wa Mitwaba, Kasenga ao Pweto, yaliyolala njiani kwa matope, kisha yakalipishwa kila bariere, yatafika sokoni kwa bei gani? Nchi inayotaka kula chakula chake yenyewe haiwezi kumtoza mkulima wake njia nzima.

KILA OMBI NA MLANGO WAKE

Kosa letu la pili lilikuwa kugonga mlango usio wenyewe. Tulimwomba yule depite wa Kinshasa atutengenezee daraja la kijiji. Si kazi yake. Kazi ya depite ni kutunga sheria, kuvote bajeti, na kuuliza serikali: makuta tuliyovote imefanya nini? Akijenga daraja kwa makuta yake, ni zawadi ya kura, na zawadi haina mwaka wa pili. Basi tupange maombi yetu hivi.

Takisi za jimbo, bariere na barabara za mashamba ziko kwa mlango wa Bunge la Jimbo, pale Lubumbashi. Ombi letu la kwanza liwe fupi: orodha ya takisi za halali ibandikwe kwa kila bariere na kila soko, kwa Kiswahili na Kifaransa, pamoja na bei yake. Depite wa jimbo ana haki ya kumwita waziri wa jimbo na kumuuliza ni nani ameweka bariere ya pili, ya tatu na ya nne. Tumpe majina ya mahali na tarehe, atakuwa na kitu cha kusoma mbele ya wenzake.

Barabara ya kwetu inaweza pia kupata makuta karibu zaidi. Kodeksi ya mine iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba 15 kwa mia ya redevansi inayolipwa na kampuni ya mine inaenda kwa sheferi, sekta ao komine ambamo wanachimba. Nje ya hiyo, kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji wa pale, na kuandikiana nao kaye ya maombi. Wanamemba wanaokaa karibu na mine wajiulize: siku kaye ile iliandikwa, mkulima alikuwa mezani? Kama hakuwa, tusishangae makuta ikijenga nyumba ya mikutano wakati barabara ya kutoa mahindi iko shimo.

Udongo ni mlango wa Bunge la Taifa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka udongo wote mikononi mwa Leta, ikasema haki za wanaokaa kwa udongo wa kimila zitapangwa na ordonansi ya Rais. Ordonansi ile imengojewa miaka makumi. Wakati wa kungojea, baba anafariki, shamba linauzwa na mtu asiyelilima, na mjane anaonyeshwa karatasi asiyoijua. Hapo ndipo tunahitaji depite wa taifa, si kwa daraja.

Na kuna sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011. Wengi wetu hatujawahi kuiona kwa macho. Inatambua shamba la familia, inataka kuwe na baraza za ushauri wa kilimo, na mfuko wa taifa wa maendeleo ya kilimo. Ni maneno mazuri. Swali la kumuuliza depite ni moja: kwa teritware yetu baraza ile inakaa lini, na nani anakaa ndani kwa jina la wakulima?

Juu ya bajeti, tukumbuke kwamba mwaka 2003, kule Maputo, wakubwa wa nchi za Afrika waliahidi kuweka 10 kwa mia ya bajeti kwa kilimo, na mwaka 2014 wakarudia kule Malabo. Congo imekaa mbali na ile ahadi. Lakini tusiishie kwa asilimia. Makuta iliyoandikwa si makuta iliyotoka. Tuulize mambo mawili kila mara: mulivote ngapi, na ilitoka ngapi?

SAA YA KWENDA

Kila mkulima anajua mbegu nzuri ikipandwa wakati mbaya haizai. Kwa bunge ni vilevile. Sesioni ya bajeti ya Bunge la Taifa inafunguliwa tarehe 15 Septemba na kufungwa tarehe 15 Desemba, na bunge za majimbo nazo zinashughulikia bajeti kwa miezi ya mwisho wa mwaka. Ni wakati uleule siye tunatayarisha udongo na kungojea mvua, ndiyo maana hatuonekanagi. Tukienda mwezi wa pili, tunamkuta depite amekwisha kuvote, naye atasema "mwaka ujao". Basi karatasi iandikwe mwezi wa saba, baada ya kuuza mavuno, wakati hesabu bado iko kichwani na kwa daftari. Mwezi wa nane, depite akiwa bado kwa vakanse, tumkabizi mkononi.

Karatasi ile iwe petisyo, si barua ya salamu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mkubwa wa serikali, peke yake ao pamoja na wengine, na mkubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho kinasema tena kwamba hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kufanya hivyo. Tubakize kopi yenye stampu na tarehe ya kupokelewa. Kuanzia siku ile tunahesabu miezi mitatu, kama vile tunavyohesabu siku za mahindi.

WANAOSEMA HAPANA

Kuna wanamemba wanasema: "Politiki si ya koperative." Tunawaelewa. Tumeona vikundi vilivyopasuka juu ya mtu mmoja kuvaa kofia ya chama. Sheria ya OHADA tunayofuata inataka koperative ijitawale na isiwe ya mtu. Ndiyo maana petisyo iende kwa depite wote wa kwetu, wa kila chama, karatasi moja, maneno yaleyale, siku moja. Anayependa chama fulani akipende akiwa nyumbani kwake. Kwa mkutano tunaongea mahindi.

Wengine wanasema: "Bale bantu banatukumbuka tu wakati ya kura." Ni kweli, na siye tumewazoeza hivyo. Tunawauliza wakati wa kura tu, tena tunauliza kitenge. Depite akijua kwamba kila mwaka, mwezi wa nane, koperative inakuja na daftari, na kwamba mwezi wa kumi na mbili itasoma majibu mbele ya kijiji kizima, atajifunza kutukumbuka.

Wengine wanaogopa. Woga wao si wa bure, juu kuko mahali ambapo kuandika jina la aliyeomba makuta kunaleta shida. Hao tunawaambia: musiandike jina la mtu. Andikeni mahali, tarehe, sababu iliyotajwa na faranga. Inatosha. Tena karatasi isainiwe na koperative nyingi pamoja, ili pasiwe na kichwa kimoja cha kutafutwa.

TUANZE KWETU

Hatuwezi kumuomba depite hesabu wakati siye hatuna. Koperative ambayo kesie wake hajasoma daftari kwa mwaka mzima itauliza nini juu ya bajeti ya jimbo? Na kwa delegasyo tuache tabia ya kutuma wababa watano wenye makoti. Wamama ndio wanaopanda, wanaopalia, wanaobeba mahindi sokoni na kulipa takisi ya meza kila siku. Depite akiuliza "kwanza nini?", mama atajibu bila kutazama karatasi. Nusu ya delegasyo iwe wao, na mmoja wao aongee wa kwanza.

Basi tunaomba kila koperative, kwa mkutano wake ujao, ifanye mambo matatu. Inunue daftari moja ya njia, na kumchagua mtu atakayepanda nayo juu ya kamyo. Ichague ombi moja la kwanza, moja tu, kwa kura ya mikono. Na iandike majina ya depite wake wote, wa jimbo na wa taifa, na mahali wanapopatikana.

Siye tumekwisha kuchagua. Ombi letu la kwanza ni orodha ya takisi ibandikwe kwa bariere. Ni dogo, halihitaji makuta mingi, na mwaka ujao kila mwenye macho ataona kama limefanyika ao hapana. Majogoo tutawaacha nyumbani. Depite akijibu vizuri, aje ale nao bukari kwetu, siku ya mavuno.