Nuru, Bahari na Hesabu ya Urani

Bahari za dunia zina takriban tani bilioni 4 na nusu za urani iliyoyeyuka majini. Kiasi hicho ni kikubwa mno kuliko akiba yote iliyokwisha kugunduliwa katika nchi kavu. Si ajabu, basi, kwamba wanakemia wamekuwa wakitafuta njia ya kuichota tangu katikati ya karne ya 20, na kwamba hivi karibuni matumaini yameelekezwa kwenye vichocheo vinavyotenda kazi kwa nguvu ya nuru. Lakini habari hizo huweza kufika darasani zikiwa zimebeba hitimisho la haraka: kwamba hazina ya bahari imekwisha kufunguliwa. Hitimisho hilo halina budi kupimwa kwa hesabu kabla ya kukubaliwa.

Lita 1 ya maji ya bahari ina mikrogramu 3.3 tu za urani. Kwa hiyo gramu 1 imetawanyika katika lita 300,000 hivi, na kilo 1 katika mita za ujazo 300,000. Kinu cha nyuklia chenye uwezo wa megawati 1,000 huhitaji karibu tani 200 za urani asilia kwa mwaka. Mwanafunzi akizidisha tarakimu hizo atapata kilomita za ujazo 60 za maji, yaani mchemraba wa maji ambao kila upande wake una urefu wa karibu kilomita 4, hata kama hakuna chembe itakayopotea. Kuyavuta maji hayo kwa pampu kungemeza sehemu kubwa ya umeme unaotafutwa. Ni lazima mkondo wa bahari wenyewe uyalete.

Wajapani walilijaribu jambo hilo kati ya mwaka 1999 na 2001 katika pwani ya Aomori. Walizamisha kilo 350 za vitambaa vilivyotiwa kemikali ya amidoksimu, ambayo hunasa urani. Baada ya siku 240 za kuzama majini, vitambaa hivyo vilitoa kilo moja na zaidi kidogo ya urani. Ilithibitika kwamba jambo linawezekana. Ilithibitika pia kwamba linakwenda polepole. Madini ya vanadi hugombea nafasi ileile juu ya kitambaa, na viumbe vidogo vya baharini hukifunika kama vinavyolifunika tako la chombo.

Hapo ndipo nuru inapoingia. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi dioksidi ya titani inavyoweza kuyatenganisha maji inapomulikwa. Miali huirusha elektroni kutoka mahali pake, na nyuma yake hubaki pengo lenye chaji chanya. Urani ya baharini imeshikamana na kabonati, na ndiyo sababu huyeyuka kwa urahisi. Ikipokea elektroni 2 kutoka kwenye kichocheo, hugeuka kuwa urani ya aina isiyoyeyuka, ikatua juu ya kichocheo hicho. Zaidi ya hayo, nuru huzalisha aina kali za oksijeni zinazoviua vijidudu kabla havijaota. Kitambaa hungoja urani ije kushikwa, kichocheo huibadilisha.

Hata hivyo bahari ina masharti yake. Dioksidi ya titani hutumia miali ya urujuanimno, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Ndiyo maana watafiti wanatengeneza vichocheo vya kaboni na nitrojeni vinavyoitikia nuru ya kawaida. Nuru hufifia kadiri kina kinavyoongezeka, na usiku haipo. Oksijeni iliyomo majini huweza kuzinyang'anya elektroni zile na kuiyeyusha tena urani. Isitoshe, majaribio mengi ya maabara hutumia myeyusho wenye urani maelfu ya mara kuliko ya bahari, tena uliotiwa alkoholi ili kuyaziba yale mapengo. Hakuna atakayeitia bahari alkoholi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini sayansi huuliza kibaba kitajaa baada ya siku ngapi, na kwa gharama gani. Utafiti huu unastahili kuendelezwa, ila kila tangazo lipimwe kwa maswali matatu: je, maji yalikuwa ya bahari halisi? Kichocheo kilikaa humo siku ngapi? Kilitumika tena mara ngapi?

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2012 mipaka ya urithi wa dunia wa Selous ilirekebishwa ili kulitenga eneo la urani la Mto Mkuju, Namtumbo. Huko Kwale, Kenya, mchanga ambao ni malighafi ya dioksidi ya titani ulichimbwa tangu 2013 hadi Desemba 2024, ukasafirishwa ng'ambo. Ni kosa kudhani kwamba bahari imekwisha kuifanya migodi isihitajike, kwani urani yake bado ni ghali kuliko ya mgodini. Ni kosa pia kudhani kwamba mwenye mgodi atapanga bei milele, kwani siku bei itakapopanda mno, wanunuzi watageukia bahari.

Mahali pa kuanzia panapofaa zaidi ni maji yaliyochafuliwa na migodi ya urani. Humo urani huwa nyingi kuliko baharini, maji ni machache, na faida ya kuyasafisha humfikia mwanakijiji anayekunywa maji ya mto. Na kabla ya hapo kuna darasa. Unga kidogo wa dioksidi ya titani ukikorogwa katika maji yaliyotiwa buluu ya methileni, kisha chombo kimoja kikawekwa juani na cha pili gizani, rangi ya kile cha juani itafifia. Chombo cha tatu, chenye rangi bila unga, nacho kiwekwe juani. Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini chombo hicho cha tatu kinahitajika atakuwa amekwisha kujifunza namna ya kuzisoma habari za urani ya baharini.