Si Kila Kikohozi Sugu ni Kifua Kikuu

Mkulima wa makamo kutoka Bahi au Mpwapwa anapofika zahanati akiwa amekohoa kwa miezi miwili, amekonda na makohozi yake yana michirizi ya damu, jambo la kwanza linalomjia mhudumu ni kifua kikuu. Hakosei. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kosa huanza pale dhana ya kwanza inapogeuka kuwa dhana pekee.

Saratani ya mapafu huleta dalili zile zile: kikohozi, damu, kukonda na maumivu ya kifua. Hata kwenye picha ya eksirei, kivuli chake chaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Mgonjwa ambaye makohozi yake hayakuonyesha vimelea huweza kuanzishiwa dawa za miezi sita kwa kukisia, na asipopata nafuu akaanzishiwa tena. Uvimbe ambao mwanzoni ungeweza kuondolewa kwa upasuaji hutumia muda huo kusambaa hadi kwenye ini, mifupa au ubongo.

Nani yumo hatarini zaidi? Kwanza kabisa ni mvutaji wa tumbaku, iwe sigara, kiko au msokoto. Wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Singida wanaovuta vumbi la mawe, ambalo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limethibitisha kuwa husababisha saratani. Moshi wa kuni umewekwa na shirika hilo katika kundi la visababishi vinavyodhaniwa kwa uzito. Mwanamke aliyesonga ugali wa uwele kwa miaka thelathini ndani ya tembe lisilo na dirisha asiambiwe kwamba hayumo hatarini kwa kuwa hajawahi kuvuta sigara.

Wengine husema dawa ni kuwapima watu wote kwa mashine ya CT. Ushahidi hauungi mkono jambo hilo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa CT ya mionzi midogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, lakini waliopimwa walikuwa wavutaji wa muda mrefu wenye umri wa miaka 55 hadi 74. Katika jamii yenye makovu mengi ya kifua kikuu, kupima kila mtu kungezaa hofu nyingi zisizo na msingi, pamoja na gharama ambazo familia nyingi haziwezi kuzibeba.

Kinachofaa Kanda ya Kati ni chepesi zaidi. Mhudumu amuulize kila mgonjwa wa kikohozi amevuta sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi. Anayenunua moja moja akafikisha kumi kwa siku kwa miaka arobaini amevuta sawa na pakiti moja kila siku kwa miaka ishirini. Makohozi yapimwe kabla ya dawa kila inapowezekana. Mgonjwa ambaye hakuthibitishwa kuwa na vimelea, na ambaye mwisho wa mwezi wa pili hajapata nafuu, asisubiri mwezi wa sita. Apewe rufaa kwenda hospitali yenye CT na uwezo wa kuchukua kinyama kwa uchunguzi, kama Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma.

Kwa anayevuta, kuacha bado kuna faida. Baada ya miaka kama 10, hatari ya kufa kwa saratani hii hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea.

Mgonjwa naye ana wajibu. Asikatize dawa za kifua kikuu kwa uamuzi wake mwenyewe, ila anayo haki ya kuuliza: makohozi yangu yalionyesha nini? Ikiwa jibu ni kwamba hayakuonyesha kitu na kikohozi kingali palepale, uchunguzi haujakwisha.