Nguruwe mwenye punje chini ya ulimi

Baba wa nyumba amefuga nguruwe mwaka mzima, apate malipo ya masomo ya watoto. Mnunuzi amefika, amemfumbua mnyama kinywa, ameupapasa ulimi, kisha amekwenda zake. Chini ya ulimi mna vivimbe kama punje za mahindi. Afanye nini? Wengine huchinja usiku na kuuza nyama upesi. Sisi twasema: la, hasha!

Punje hizo ni watoto wa tegu. Mtu mwenye tegu tumboni akienda haja porini, mayai hutoka pamoja na mavi. Nguruwe azururaye huyala, na katika nyama yake hugeuka malengelenge. Mtu alaye nyama hiyo isiyoiva apata tegu naye. Tena liko baya zaidi: mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono au chakula kichafu, malengelenge yaweza kukaa katika ubongo wake na kumletea kifafa. Kifafa hicho si laana wala uchawi.

Dawa ya nguruwe ipo, nayo yaitwa oksfendazoli. Hunyweshwa mara moja tu, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito. Nguruwe wa kilo 40 hupewa miligramu 1200. Mwiteni mganga wa mifugo, apime yeye. Dawa hii huua malengelenge yaliyo katika nyama, lakini ya ubongoni pengine huponyoka. Wala nyama haitakati siku hiyo hiyo: ngojeni kama miezi 3, mabaki yapate kutoweka. Na hata hapo, pikeni mpaka iive kabisa.

Lakini kumnywesha nguruwe dawa na kukosa choo ni kuteka maji kwa kikapu. Mtoto wa nguruwe atakayezaliwa kesho atayala mayai yale yale. Basi wazazi wapenzi, chimbeni choo, nguruwe akae bandani, mikono inawiwe, na mwenye tegu aende kwenye kituo cha afya akapewe dawa yake.

Miezi 3 ni mirefu kwa baba anayedaiwa na shule; twalijua hilo. Hata hivyo, amwuziaye jirani nyama aijuayo kuwa mbovu asijifariji kwamba amefanya biashara tu. Amri ya tano yamhusu yeye pia.