Mchezo usioomba rezo

Leo naweka pembeni habari za barabara na bei ya mchele. Nataka tuzungumze juu ya michezo ya kompyuta. Najua kuna mzee atakayesema: huyu mwanahabari amekosa la kuandika. Namwomba anivumilie mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili linagusa mfuko wa mzazi, na linagusa zaidi nyumba zilizopokea ndugu waliokimbia vita.

Juma lililopita nilivuka mto kwenda Alunguli kusalimia familia moja iliyotoka Bukavu, vita vilipofika kule mwezi wa pili mwaka 2025. Wanakaa kwa shangazi yao, watu tisa katika vyumba viwili. Nyuma ya nyumba nilimkuta mtoto wao wa kiume, umri wa miaka 13, ameinamia telefone yenye kioo kilichopasuka. Nikamuuliza anacheza nini. Akanionyesha: picha ya wachezaji wa mpira, na chini yake duara linalozunguka bila kufika mwisho. Mchezo ulikuwa unadai kwanza upakue toleo jipya, mega mia kadhaa, ndipo ufunguke.

Akanieleza zaidi. Kule Bukavu alikuwa na telefone nyingine, na katika mchezo huo huo alikuwa amejenga timu yake kwa miaka miwili. Wachezaji wengine aliwanunua kwa franka alizopata akiuza maji ya mifuko. Njiani telefone ikapotea. Timu ilifungwa kwenye namba ile, na neno la siri halikumbuki tena. Aliniambia, "Timu yangu yote ilibakia kule," kwa sauti ya mtu anayezungumza juu ya jirani zake.

Halafu akaniuliza: "Papa, hakuna mchezo wenye hauombi rezo?"

Mama yake, aliyekuwa akitwanga sombe karibu, akadakia: "Papa wa redio, umwambie huyu mtoto. Mega za siku moja ni mchele wetu wa jioni."

Nilirudi na mtumbwi nikiwaza swali la yule mtoto. Maana sisi tuliokua hapa Kindu baada ya vita ya 1998 mpaka 2003, michezo isiyoomba rezo ndiyo tuliyoijua, kwa sababu mingine haikuwepo.

Wale wa rika langu watakumbuka. Miaka ile ya 2005 na 2006 mtu akifungua chumba chenye ordinatere nne na jenereta nyuma ya ukuta, kartie yote ilijua. Mashine zilikuwa za zamani, zimetumika ofisini kwa wengine, zina Windows XP ya Kifaransa. Ndani yake mlikuwa na michezo iliyokuja na mashine yenyewe: Solitaire, Démineur, Dame de Pique, na Pinball. Hakuna aliyeilipia zaidi ya dakika za kukaa. Kisha palikuwa na yaya mmoja mwenye fleshi shingoni kama rozari. Huyo ndiye aliyeleta michezo ya mpira na ya magari. Akichomeka fleshi, wote tulisimama nyuma yake.

Mimi sikuwa na pesa ya kukaa kwenye kiti kila siku. Mara nyingi nilikuwa mtazamaji. Lakini mtazamaji naye alicheza: alishauri, alizomea, alihesabu magoli, alilinda zamu. Jenereta ikizimika kwa kukosa mafuta, mechi iliendelea kwa mdomo. Katika chumba kile nilikaa bega kwa bega na watoto ambao wazazi wao na wazazi wangu walikuwa bado hawasalimiani kwa sababu ya vita. Hakuna aliyetuhubiria amani. Tulikuwa tunasubiri zamu.

Na tulijifunza kitu. Wengi wetu mkono ulizoea kipanya kwa kuburuta karata za Solitaire. Nilipoingia kozi ya uandishi wa habari na kupewa kompyuta ya kukatia sauti, mwalimu alidhani nimeshafundishwa. Walionifundisha walikuwa malkia na mfalme wa karata.

Sasa mtazame mchezo huo mmoja, Solitaire, mwone safari yake. Uliingia katika Windows mwaka 1990. Kwa zaidi ya miaka 20 ulikuwa ndani ya mashine, kimya, tayari. Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, haukuwemo tena. Aliyeutaka aliutafuta kwenye duka la intaneti. Mwaka 2015 ulirudi pamoja na Windows 10, lakini umerudi na matangazo, na asiyetaka matangazo analipia. Karata ni zilezile 52. Kilichobadilika ni kwamba zamani mchezo ulikuwa wako, leo ni wa mwenye duka, naye anakuruhusu ukae kidogo.

Tusidhani ni shida ya Kindu peke yake. Kampuni ya Ubisoft ilitoa mchezo wa magari unaoitwa The Crew mwaka 2014. Watu waliununua kwa pesa zao. Tarehe 31 mwezi wa tatu mwaka 2024 kampuni ikazima mashine zake kubwa zilizouendesha, na mchezo ukafa kwa wote, hata kwa wale waliokuwa na sidi yake kabatini. Wachezaji wa Ulaya wakakasirika, wakaanzisha ombi kwa wakubwa wao, na mwaka 2025 sahihi zikapita milioni moja. Huko California sheria sasa inalazimisha maduka ya intaneti kumwambia mteja wazi kwamba anachopata ni ruhusa tu ya kutumia. Kama wenye rezo ya usiku na mchana wanalalamika, sisi tuseme nini?

Linganisha na mwaka 1993, mchezo wa Doom ulipotoka. Wenyewe waliotunga waliruhusu sehemu ya kwanza inakiliwe bure na kupitishwa mkono kwa mkono. Aliyependa, alinunua sehemu zilizobaki. Yule yaya wetu wa fleshi alikuwa anafanya kazi ileile, ingawa yeye, tuseme ukweli, hakuwa na ruhusa ya mtu.

Na tukishaanza kusema ukweli tuumalize. Zamani haikuwa peponi. Fleshi zile zilibeba virusi mpaka kazi za wanafunzi zikafutika. Wapo waliokula karo ya shule kwenye kile chumba, na wengine walichapwa kwa sababu hiyo, mmoja wao ni anayeandika hapa. Dada zetu walikaa nje. Msichana akiingia aliangaliwa kama amepotea njia. Michezo mingine ya risasi haikuwafaa watoto waliotoka kusikia risasi za kweli. Na kompyuta moja ilihitaji pesa ambazo baba wa kawaida hakuzipata kwa mwaka mzima.

Leo msichana anacheza kwenye telefone ya mama yake bila kuomba ruhusa ya kijana yeyote. Mtoto wa hapa anaweza kucheza na binamu yake aliye Uvira au Lubumbashi, wakasikilizana sauti. Kwa familia iliyotawanyika hiyo ni baraka, siidharau. Basi siwaambii vijana kwamba mchezo wao ni mbaya na wetu ulikuwa mzuri. Hayo ni maneno ya wazee wa kila zamani.

Ninachosema ni kimoja: mchezo unaohitaji rezo, namba, neno la siri na pesa kila mwezi umetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hahami. Mtu mwenye anwani moja, umeme wa hakika, na telefone isiyoibiwa. Mtoto aliyekimbia kutoka Bukavu, Shabunda, Walikale au Kabambare si mtu huyo. Yeye kila alichokuwa nacho mbali na mwili wake kimebaki nyuma, na sasa hata furaha yake ndogo imebaki nyuma, imefungwa katika mashine ya nchi nyingine.

Mnajua Kalima na Punia watu wanachimba kasiterite. Inatoa bati, na bati ndiyo inayounganisha vipande ndani ya telefone na kompyuta. Koltani nayo inatoa tantalumu inayoingia humo humo. Kwa hiyo udongo wa Maniema umo katika michezo ya dunia nzima, lakini mtoto aliye Alunguli anaangalia duara linazunguka.

Kuna atakayesema: watu wana njaa, wewe unazungumza michezo. Chakula kwanza, nakubali. Lakini nchi yetu ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto tangu mwaka 1990, na ibara ya 31 inataja haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Hawakuiweka pale kwa mapambo. Aliyepokea watoto waliokimbia anajua: mtoto anaanza kupona siku anapogombania zamu.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza ni kwa wazazi. Kabla mtoto hajamaliza mega zako, fungua mchezo, halafu weka telefone katika modi ya ndege. Mchezo ukiendelea, ni wa kubaki. Ukigoma, jua kwamba kila siku utaulipia. Na michezo inayouza almasi au wachezaji, kama Free Fire na ile ya mpira, usiache namba yako ya pesa ya mobile mahali mtoto anapoifikia. Kama mtoto ana akaunti, mwandikie jina na neno la siri kwenye daftari, lile lile la vyeti vya kuzaliwa.

La pili ni kwa shule, parokia, misikiti na vituo vya vijana. Ipo michezo mingi iliyo huru kisheria, unaruhusiwa kuinakili na kumpa jirani, na haihitaji rezo baada ya kuiweka. Mmoja unaitwa GCompris. Sisi tunaosema Kifaransa tunauelewa mara moja jina lake: “j’ai compris”, nimeelewa. Ulianza mwaka 2000, una shughuli zaidi ya 100 kwa watoto wadogo: kuhesabu, kusoma, kutumia kipanya na vitufe, hata kucheza chesi. Kwa wakubwa kuna SuperTuxKart, mchezo wa magari madogo, ambamo watoto kadhaa wanashindana katika mashine moja. Unapakua mara moja mahali rezo ilipo nzuri, unaweka kwenye fleshi, unavuka nayo mto. Kompyuta ndogo ya kubeba, hata ya miaka kumi, inatosha kwa GCompris, na paneli ya jua ya wastani pamoja na betri yake inaiendesha.

La tatu ni kwa wenye ofisi. Katika mji huu kuna mashine ngapi zimelala kwenye makabati, za miradi iliyokwisha? Fundi mmoja wa Kasuku aliniambia nyingi anazoletewa zinakosa betri au diski tu. Zitoleweni. Wekeni saa za kucheza, na saa za wasichana ziwe sawa na za wavulana. Pawe na mtu mzima wa kuhesabu zamu. Hilo halihitaji mkutano wa siku tatu wala fulana.

Mimi nimeanza na nilichonacho. Jumatano nilivuka tena na kompyuta yangu ya zamani, ile iliyonikatia sauti miaka saba. Nimeiwekea GCompris, karata, na mchezo wa magari. Yule mtoto aliutazama mchezo wa magari kwa shaka, akasema picha zake ni za zamani. Baada ya nusu saa walikuwa watoto sita, wawili wa Bukavu na wanne wa kartie, na palikuwa na kelele mpaka shangazi akatoka na mwiko. Mama yake akaniuliza: "Na hii inakula mega ngapi?" Nikamwambia haili hata moja. Akasogea, akaomba zamu ya karata.

Betri ilikufa saa kumi na moja. Watoto wakabaki wanabishana nani alikuwa mbele.

Hayo ni maoni yangu. Kama una mashine iliyolala nyumbani au ofisini, au unajua chumba chenye paneli na mlango wenye kufuli, pita redioni mchana utuambie. Na kama uliwahi kukaa kwenye kile chumba cha jenereta, ukiwa na zamu au ukiwa mtazamaji kama mimi, njoo pia utueleze. Tutalisoma jina lako hewani.