Pamba ya mkopo ikome

Mwaka 2019 ulitoa somo ambalo Kanda ya Ziwa haipaswi kulisahau. Mapema mwaka huo Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akazindua soko la madini mjini Geita. Mchimbaji akapata mahali pa kupimia dhahabu yake na kuiuza hadharani kwa kufuata bei ya dunia.

Miezi michache baadaye ulifunguliwa msimu wa pamba kwa bei ya Sh1,200 kwa kilo. Soko la dunia likayumba, wanunuzi wakasita, na wakulima wa Shinyanga na mikoa jirani wakakopwa. Walipeleka pamba kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), wengine wakasubiri malipo kwa miezi huku ada za shule na mahitaji ya nyumbani vikiwabana.

Hatuwezi kuamuru bei. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu huuzwa nje, na thamani yake hufuata mavuno ya Marekani, India na Brazil pamoja na mahitaji ya viwanda vya Asia. Lakini bei ya dhahabu nayo haipangwi Geita. Kinachotofautisha bidhaa hizi mbili ni utaratibu wa kuuza, na utaratibu huo tunautunga wenyewe.

Mengine yaliyo mikononi mwetu tumeyalegeza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kimezalisha mbegu bora kwa miongo mingi, lakini mavuno kwa ekari bado ni haba. Mbegu na viuatilifu vikichelewa, mvua na wadudu havimsubiri mkulima. Aidha, viwanda vya nguo kama Mwatex na Mutex vilipodhoofika, tulipoteza wanunuzi wa nyumbani ambao wangepunguza makali ya soko la nje.

Mkulima naye hatumwachi. Anayelowesha pamba au kuichanganya na mchanga ili kuongeza uzito ni mwizi sawa na karani anayechezea mizani. Pamba chafu hushusha bei ya wote, na mwaminifu hulipa gharama ya mdanganyifu.

Msimamo wetu ni huu. Bodi ya Pamba ieleze wazi jinsi bei elekezi inavyokokotolewa, na isitangaze bei ambayo hakuna aliyejifunga kuilipa. Mnunuzi aoneshe fedha benki kabla ya kupewa leseni, na anayekopa wakulima anyang'anywe leseni hiyo. Wakala wa Vipimo ikague mizani vijijini kabla ya ununuzi kuanza, si baada ya malalamiko. Asiye na fedha taslimu asiruhusiwe kugusa pamba ya mkulima.