Mti Utangulie Kwenye Ramani

Ndugu zangu wa Sumbawanga, tuambizane kweli. Kila vinapopimwa viwanja vipya pembezoni mwa mji, greda hutangulia kufyeka, yakafuata mawe ya mipaka, na mvua zikianza ndipo tunasikia hotuba za kupanda miti. Mkuyu uliowapa kivuli babu zetu umeshang'olewa. Mahali pake tunachomeka mche usio na uzio, na mbuzi wanaumaliza.

Ufipa si nchi ya kuchezea mti. Huku juu, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, sehemu kubwa ni uwanda wa nyasi. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwa mkaa katika tanuri ndefu zilizoitwa malungu, na miti mingi ikaishia humo. Lakini hao hao walijua kutunza walichobakiza: nyasi walizifukia ndani ya matuta ya duara, zikaoza, ardhi ikapata rutuba, wakala. Sisi tuliosoma tunashindwaje kuuacha mti uliokwisha kuota?

Mtu atasema watu wanataka viwanja, na mti mmoja unakula nafasi ya nyumba. Si kweli. Mchoraji akiuweka mti kwenye ramani kabla ya barabara, atauacha uangukie mpakani mwa viwanja viwili, au uwanjani pa shule. Penye kundi la miti patakuwa eneo la wazi la mtaa. Barabara ikipinda hatua chache haimpotezi mtu njia. Nyumba huisha kujengwa kwa mwaka mmoja. Mkuyu wa kukinga upepo wa Juni na Julai utasubiriwa na wajukuu.

Kuhusu miti iliyo kandokando ya mito sina maneno mengi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha sema: shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingoni. Na Mbizi, msitu ule ulio juu ya mji wetu wenye mbega wekundu, ndio unaotulishia vijito. Viwanja visiupandie.

Waheshimiwa madiwani, ramani ya mtaa mpya ikiletwa mbele yenu, ulizeni miti iliyopo imechorwa wapi. Ikiwa haimo, irudisheni kwa mpimaji, aende uwandani akaihesabu. Nawe uliyepewa kiwanja chenye mti, weka shoka chini kwanza, umwite fundi, mpange msingi kwa kuuzunguka.