Staa Anayekuuzia "Hutachanika" Anakudanganya, Shosti

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho. Hasa nyie mashosti zangu wenye mimba, na nyie mabwana zetu mnaojifanya hizi ni habari za kike, haziwahusu.

Juzi wifi yangu kanitembelea huku Magogoni. Mimba ya kwanza, wiki ya 34. Alikuwa anatokea Kariakoo, kapita Mtaa wa Kongo kununua vitu vya uzazi: khanga, beseni, vinguo vya mtoto. Katikati ya mfuko nikaona kichupa cha mafuta. Hakina lebo inayosema ndani kuna nini, kimetengenezwa wapi wala kinaisha lini. Nikamuuliza, hiki nini? Akacheka kwa aibu.

"Ya kulainisha njia, wifi. Unapaka na unakunywa kijiko kila siku, huchaniki kabisa."

Bei? Elfu 45. Nani kakwambia? Akanipa simu.

Staa. Simtaji jina, maana wala si mmoja, siku hizi wamekuwa wengi. Asubuhi kiki ya mapenzi, mchana yuko laivu anauza "mafuta ya uzazi", na ukishazaa anakusubiri na "dawa ya kubana". Yaani anakuuzia ya kufungua, halafu anakuuzia ya kufunga. Na mwisho wa siku anayekaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu akilia ni wewe, siyo yeye.

Sasa tuambiane ukweli ambao hauwekwi kwenye hizo laivu.

Kuchanika wakati wa kujifungua ni jambo la kawaida mno. Chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kinasema hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, mchaniko au huongezewa njia. Tisa kati ya kumi! Na huko ndiko tunakoambiwa hospitali zina kila kitu. Kwa hiyo mtu akikwambia "hutachanika, nakuhakikishia", jua hapo hapo anakupiga.

Ila kuna kuchanika na kuchanika. Daraja la kwanza ni ngozi tu, mara nyingi inapona yenyewe. La pili linafika kwenye misuli ya msamba, hapo unashonwa. La tatu linagusa msuli unaobana haja kubwa. La nne linapita mpaka kwenye utumbo wenyewe. Hayo mawili ya mwisho hayatokei sana, lakini yasiposhonwa vizuri, mwanamke anaweza kushindwa kuzuia upepo au choo. Mwanamke mzima, ana miaka 23, anaogopa kupanda daladala.

Hicho ndicho tunachokichezea kwa vichupa vya elfu 45.

Mimi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza nilishonwa. Hospitali siitaji. Wiki mbili nilikuwa nakaa upande upande kama meli inayozama. Na unajua nini kiliniuma zaidi ya nyuzi? Maneno. "Si ungekula bamia?" "Hukunywa mlenda wewe?" "Ulikuwa unabana mapaja." Nikaamini kosa ni langu. Miezi kadhaa nilikuwa naona aibu, kana kwamba nimefeli mtihani ambao wenzangu wote wamefaulu.

Jamani, bamia ni mboga. Tamu, ina virutubisho, kula mpaka ushibe. Lakini bamia inakwenda kwenye tumbo la chakula, mtoto anapita kwingine kabisa. Hizo ni nyumba mbili zisizo na mlango katikati. Utelezi wa mlenda unaishia kwenye utumbo.

Bamia angalau haidhuru. Kunywa mafuta ya nyonyo ili uchungu uje haraka kunaweza kukuachia kuhara na kutapika, ukaingia leba huna maji mwilini. Na zile dawa za kienyeji za "kuongeza uchungu" ni balaa zaidi. Kizazi kikibana kwa nguvu kupita kiasi mtoto anakosa hewa, na kizazi chenyewe kinaweza kupasuka. Hapo tena hatuongelei nyuzi, tunaongelea sanduku.

Na wewe unayeweka shabu huko chini ili "ubane", shabu inakausha na kuchubua ngozi laini. Ngozi yenye michubuko si ngozi iliyojiandaa kwa lolote.

"Sasa tufanyeje, tukae tu?" Hapana. Maandalizi yapo, na hayana gharama, ndiyo maana hayana staa wa kuyatangaza.

La kwanza ni kukanda msamba. Msamba ni ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kuanzia wiki ya 34 au 35, mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Kata kucha, nawa mikono, oga maji ya vuguvugu ulegee. Chukua mafuta ya kawaida yasiyo na manukato, hata ya nazi ya jikoni kama ni safi. Ingiza kidole gumba kama sentimita 3 mpaka 5, bonyeza taratibu kuelekea chini na pembeni, kama unachora nusu duara, mpaka usikie inavutika. Shikilia dakika moja au mbili, achia, rudia kidogo. Dakika tano zimeisha. Usibonyeze juu kwenye njia ya mkojo. Tumbo likiwa kubwa hufiki, mumeo atakusaidia kwa vidole vyake, na aambiwe kabisa kwamba hapa hatuchezi. Halafu kumbuka, mafuta yanaharibu kondomu.

Usifanye kama una fangasi au maambukizi yoyote huko chini, kama unatokwa damu, kama chupa imepasuka, au kama umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini. Muulize mkunga wako kliniki kwanza.

Je, inazuia kabisa? HAPANA. Na hapa ndipo mimi na staa tunapotofautiana. Uchambuzi wa tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 2,400 uliona kwamba ukandaji huu unapunguza uwezekano wa kushonwa, hasa kwa wanaozaa kwa njia ya kawaida mara ya kwanza, na zaidi kwa sababu wanaoongezewa njia wanapungua. Ukiweka kwa hesabu, wanawake kama 15 wakifanya, mmoja anaepuka nyuzi ambazo angezipata. Mmoja kati ya 15. Ni kidogo? Ndiyo, ni kidogo. Lakini ni cha kweli, na ni bure. Sitakudanganya kwamba ni muujiza.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu bibi zetu walikuwa nalo mkononi.

Sisi watu wa Pwani tunajua kukanda. Mzazi akitoka hospitali tu, maji yapo jikoni, kitambaa kipo, mama mkwe kashakunja khanga. Na mara nyingi yanakuwa ya moto mno mpaka mzazi anaungua. Sasa sikiliza: kitambaa safi cha maji ya vuguvugu, vuguvugu siyo moto, kikiwekwa kwenye msamba WAKATI unasukuma, kinapunguza karibu nusu ile michaniko mibaya ya daraja la tatu na la nne. Tafiti zimeonyesha hivyo, na Shirika la Afya Duniani likakiweka kitambaa hicho kati ya njia za kulinda msamba kwenye mwongozo wake wa uzazi wa mwaka 2018. Kitambaa na maji! Tunacho kila nyumba, tunakitumia baada ya mtoto kutoka, mji umeshabomoka ndiyo tunaweka walinzi.

Mwongozo huo huo unasema mengine ambayo hakuna kichupa kinachoweza kukupa. Kuongezewa njia kusiwe utaratibu wa kila anayezaa mara ya kwanza, kufanyike kukiwa na sababu, na ukikatwa upewe ganzi. Mtu asikukandamize tumbo kwa mikono kumtoa mtoto. Uruhusiwe kuchagua mkao, siyo lazima ulale chali. Usukume pale mwili unapokusukuma. Na uwe na mtu wako wa karibu pembeni.

Najua mtaniambia. "Dada, wewe unaishi nchi gani? Leba zetu zimebanana, mkunga mmoja ana wazazi kibao, nani atakuletea kitambaa cha vuguvugu?" Nakubali. Wakunga wetu wengi wanafanya kazi kubwa kuliko uwezo wa binadamu mmoja, na mimi sitawatukana. Lakini angalia tulikotoka. Mwaka 2010 nusu tu ya watoto wa Tanzania walikuwa wanazaliwa kwenye vituo vya afya. Mwaka 2022 ilifika asilimia 81. Tuliambiwa tuende hospitali, tukaenda. Sasa tuna haki ya kuuliza tunakuta nini tukifika. Na mwanamke anayeuliza kliniki, "Mkunga, hapa mnalindaje msamba? Naweza kuzaa kwa ubavu?" si mjuaji. Ni mteja, ni mama, ni mtu.

Kuna na wale wengine, wa "kuchanika kawaida, mbona mama zetu walizaa nane na hawakulalamika?" Hawakulalamika kwa sababu hakuna aliyewauliza. Unajuaje shangazi yako aliyeacha kwenda kwenye shughuli alikuwa anaficha nini? Hapa hapa Dar, CCBRT imekuwa ikitibu wanawake wenye fistula kwa miaka mingi. Fistula nyingi zinatokana na uchungu uliokwama muda mrefu, lakini mchaniko mbaya ulioachwa bila kutibiwa nao unaweza kukufikisha pabaya. Kama umezaa na unashindwa kubana mkojo au choo, hata kama ni mwaka wa tano huu, nenda hospitali. Usiende laivu.

Tunachanga laki kwa laki kwenye baby shower. Keki ghorofa tatu, puto, sare za kitambaa kutoka Kariakoo, mpiga picha. Makungwi tunawaita kitchen party watufundishe kukata kiuno. Hakuna hata mmoja anayempa bibi harusi dakika kumi za kumwambia msamba ni nini. Kwenye ukimya huo ndipo mwenye kichupa anapoingia. Anajua unaogopa, anajua unaona aibu kuuliza, anakuuzia aibu yako mwenyewe kwenye chupa ya plastiki.

Na nyie mastaa, kama mna imani na dawa zenu, wekeni namba ya usajili tuione. Dawa za hospitali zina TMDA, za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Usajili hauthibitishi kwamba huchaniki, lakini angalau tutajua tunakunywa nini. Huwezi kuwa na wafuasi wote hao ukashindwa kuonyesha karatasi moja.

Wifi nilikaa naye mpaka magharibi. Nikamweleza yote haya, tena bila kumung'unya. Kichupa hakukitupa, elfu 45 inauma, ila kakiweka pembeni na kuahidi hatakinywa. Jumatatu ana kliniki. Kaandika maswali yake manne kwenye karatasi, kaikunja ndani ya kadi. Na kaka yangu, ambaye mwanzo alikuwa anaangalia mpira kwa sauti ya juu, alipunguza sauti akauliza, "Hicho kitambaa nibebe kingapi?"

Viwili, kaka. Safi. Na chupa ya chai yenye maji ya moto na nyingine ya baridi ya kuchanganyia.

Haya, nawasikia hapo chini. Wewe uliyeshonwa ukaambiwa ni kosa lako, ulikuwa na nani wa kukwambia siyo?